Kifaru Cheupe cha Okiror

Wageni wakija kwangu, macho yao huishia juu ya kabati. Pale pana kifaru, kile cha vita, cha plastiki, kirefu kama kiganja cha mtu mzima, kimepakwa chokaa iliyokaa mabaka mabaka. Mtoto akinyoosha mkono, mzazi hucheka: "Mzee, si umpe achezee kidogo." Nakataa. Najua wakitoka nje wananiita mchoyo. Sawa. Kitu kina mwenyewe, na mwenyewe alisema atakuja kukichukua.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa leo kwamba ana kifua kikuu, aliyekaa kwenye benchi na cheti mkononi, hajui aingie mlango anaoonyeshwa au ateleze arudi nyumbani. Sina elimu ya dawa. Wakati wetu zilikuwa sindano, na siku hizi naambiwa ni vidonge tu. Lakini benchi ni lile lile, na kuchoka ni kule kule.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Nilizaliwa upande wa Kenya, karibu na Bungoma, nikavuka mpaka nikiwa kijana na brashi zangu, nikapanga chumba Mafubira, nje kidogo ya Jinja. Wahindi walipofukuzwa Uganda, kazi ilinijia mpaka nikaikimbia. Kila duka lilipata mwenyewe mpya, na kila mwenyewe mpya alitaka jina lake juu ya mlango. Kutwa nilikuwa juu ya ngazi nakwangua majina ya watu na kuandika ya wengine. Mzee mmoja wa duka la vitabu na vichezeo, katika siku zake za mwisho mjini, aliniita kwa mlango wa nyuma akanipa sanduku la karatasi ngumu. "Fundi, mkono yako haikosei mstari. Hii ya mtoto yangu, hajafungua. Chukua wewe." Picha ya juu ilikuwa kifaru cheupe katika nchi nyeupe. Ndani mlikuwa na vipande vya kuunganisha. Nikalisukuma chini ya kitanda, nikarudi kwenye ngazi.

Kikohozi kilipoanza nilisema ni vumbi la rangi. Kila mgonjwa wa kifua ana vumbi lake. Mwingine husema ni baridi, mwingine husema ni sigara za jirani. Nilikonda, suruali ikahitaji kamba. Usiku nililowa jasho hadi Khainza, mke wangu, akawa anaanika shuka kila asubuhi na majirani wakadhani tuna kikojozi ndani. Mwisho nilikohoa nikiwa juu ya ngazi mbele ya duka la nguo, na matone mekundu yakatua kwenye ubao niliokuwa nimetoka kuupaka nyeupe. Mwenye duka akatazama juu. "Fundi, nyekundu mimi sikuagiza." Nilicheka, nikashuka, na sikupanda tena.

Khainza ndiye aliyeamua twende Mbale. Mama yake alikaa Nakaloke, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na wakati ule mgonjwa alikula alicholetewa. Binti yetu Nekesa, aliyekuwa bado anajifunza kusema, angekaa kwa bibi yake, mbali na pumzi yangu. Sikubisha. Sikuwa na nguvu za kubisha.

Wodi ya kifua ilikuwa na veranda ndefu inayotazama mwamba wa Wanale. Sista wetu, mama wa makamo mwenye mikono mizito, alichemsha sindano kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, na tuliposikia mfuniko unacheza kila mtu aligeuka kifudifudi bila kuambiwa. Leo kulia, kesho kushoto. Baada ya muda pande zote mbili ziliota mabonge magumu, ukawa unakaa kwa hila kama kuku juu ya mayai. Sindano ikishaingia midomo ilikufa ganzi, chai ikanimwagikia kidevuni bila mimi kujua. Halafu unangoja kesho yake. Hakuna kazi niliyoifanya maishani ikanichosha kama ile ya kulala na kungoja.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Okiror, askari kutoka Teso, dereva wa kifaru. Mwanzoni wodi nzima ilimwogopa. Miaka ile ukiona magwanda unavuka barabara, na hapa magwanda yalining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake. Lakini mtu anayekohoa mpaka machozi yanamtoka huwezi kumwogopa siku nyingi. Tukaanza kugawana sabuni, na sabuni wakati ule haikugawiwa ovyo.

Khainza alikuja kila siku. Alisimama mlangoni, kitambaa puani, akasukuma bakuli kwa mguu wa stuli. Sahani yangu aliiosha peke yake, kwa maji ya moto, nje. Nilikuwa nikimtazama na moyo unaniuma, hadi siku moja nikashindwa.

"Unaniogopa, Mama Nekesa?"

"Ndiyo, nakuogopa," alisema. "Nakuogopa, na nakuja kila siku. Unataka nini zaidi?"

Nikavuta bakuli, nikala.

Halafu masikio yakaanza kulia. Kriii, mchana na usiku, kama nyenje aliyeingia akakosa njia ya kutoka. Asubuhi moja nilisimama, sakafu ikainama. Toka siku hiyo nikatembea kwa kushika ukuta, na gizani sikuweza kutembea kabisa. Na mikono yangu, ambayo ndiyo shamba langu, ilitetemeka kwa udhaifu hadi kijiko kikagonga sahani.

"Masikio na kizunguzungu, hiyo ni dawa," Sista aliniambia. "Mikono itarudi ukipata mwili. Hiyo ya kichwa, kama itarudi sijui."

"Basi tuache sindano, Sista."

"Tukiacha, kifua itakumaliza. Chagua, Fundi."

Nilichagua kuondoka. Mwandishi wa mabango asiyeweza kupanda ngazi ni nani? Kaka yangu aliendesha lori la mizigo kati ya Mombasa na Kampala. Nikamwambia Khainza nitampelekea ujumbe apite anichukue, nikafie kwetu au nikapone kwetu kwa mitishamba. Hakugombana nami. Aliomba tu nisubiri aende Jinja akachukue nguo zetu. Aliporudi, nguo hakuleta. Alileta lile sanduku la duka la vitabu, na brashi zangu na mkebe wa rangi juu yake.

"Nimekuletea kazi ya kukaa," alisema. "Ukiimaliza, nenda unakotaka. Sitakushika mguu."

Okiror alilinyakua kabla sijaligusa. "Aaa! Hii ni kifaru! Lakini mbona iko nyeupe?" Akaigeuza picha huku na huku, kisha akakata shauri. "Hii ni ya parade. Mkubwa anakuja, wamepaka."

Naye alikuwa na haraka yake ya kuondoka. Alianza kunenepa, homa ilimwacha, na kila asubuhi alijishika shavu mbele ya Sista: "Angalia, Sista. Mimi iko mzima. Nirudi kambi." Kambini, alisema, mtu asiyeonekana muda mrefu huhesabiwa mtoro, na mtoro wa miaka ile hakuulizwa maswali mengi. Nilimwona anavyolitamani lile sanduku, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, nikasema bila kufikiri, "Afande, siku utakayochomwa sindano ya mwisho, kifaru ni chako."

"Na wewe je? Si unakimbia na lori?"

Alikuwa amenikamata. "Nami namaliza," nikasema. Tukapeana mikono, wake wenye joto na wangu unaotetemeka.

Basi tukaanza. Nilikata vipande kwa wembe, nikavilainisha kwa msasa, nikavigandisha kwa gundi iliyokuwa imeanza kukauka kwenye kichupa chake. Minyororo ya magurudumu ilikuwa ya mpira. Ncha zake zilitaka kuunganishwa kwa chuma cha moto, na Sista, huku akinung'unika, akatuachia msumari juu ya stovu yake. "Kifaru wodini? Miaka hii?" Aliamuru kikae chini ya kitanda nyuma ya chombo cha haja, mahali ambapo afisa yeyote hatainama. Okiror hakushika wembe, alisimamia tu. "Dereva anakaa hapa. Hapa kichwa yangu iligonga. Ndani ni moto, Fundi, na moshi, na huoni kitu, unaona shimo kidogo tu." Siku nyingine nilifanya kazi kidogo sana, nikalala. Siku nyingine sikufanya kitu. Hakuna aliyetuharakisha. Mwisho kikasimama, nikakipaka kijivu kwa rangi iliyobaki kwenye mkebe wangu wa mabango. Ulibaki ule weupe.

Mvua zilipokaribia, ikasikika kwamba mkubwa fulani atapita Mbale. Mkubwa akipita, mji hupakwa chokaa: mawe ya kando ya njia, vigogo vya miti hadi kiunoni, kingo za mitaro. Hospitali nayo ikapakwa, na ndoo yenye mabaki ikasahauliwa chini ya dirisha letu. Okiror akaiona kabla yangu. Kambini, alisema, amepaka mawe mengi kuliko alivyoendesha vifaru. Aliikoroga chokaa kwa chumvi ili ishike, akanipa amri: "Chini nyeupe, juu kijivu. Mstari moja kwa moja. Jeshi haina rangi ya kuruka-ruka."

Mstari ulionyooka. Kazi niliyoifanya ujana wangu wote bila rula. Nikalowesha brashi, nikashusha pumzi, nikavuta, na mstari ukaenda kama njia ya mlevi. Nikafuta kwa kitambaa. Nikavuta tena. Nikaegemeza kiwiko kwenye goti, nikashika mkono kwa mkono. Ikawa vile vile. Nikaweka brashi chini nikalia, mbele ya askari na wodi nzima, na sikuona haya, nilikuwa nimechoka mno kuona haya. "Afande," nilisema, "ahadi imekufa. Kesho natuma ujumbe kwa kaka." Okiror alikaa kitandani kwake akajitazama viganja.

Alasiri ile Khainza alikuja na mama yake. Lazima nieleze mama huyu. Kwetu na kwao mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Kwa hiyo tangu nilazwe yeye hukaa nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani, na salamu zetu hupitia kwa Khainza. Na ilikuwa faraja, niseme ukweli. Katika watu wote wa dunia, huyu peke yake hakukaa mbali nami kwa sababu ya ugonjwa. Angekaa mbali hata ningekuwa mzima wa chuma.

Khainza aliniona macho mekundu, akamwuliza Okiror, naye akamweleza yote. Akachukua kifaru na sanduku akaviweka kwenye kizingiti cha dirisha. Nikaona mkono wa mama mkwe unapanda, unavichukua, unashuka navyo. Kisha kicheko, na maneno ya Kimasaba, lugha ya mlimani kwao.

"Mama anasema hapa hakuna parade," Khainza akatafsiri. "Anasema hiyo ni mvua ya mawe."

Mama huyu alizaliwa juu kabisa mlimani, juu ya migomba na kahawa, ambako mvua ya mawe ikimwagika shamba huwa jeupe mpaka jua lipande. Theluji, ule weupe wa kwenye picha, sisi sote hatujaiona, lakini yeye alijua jinsi barafu inavyolala juu ya kitu. Alisema, na Khainza akapokea: haikai kwa mstari. Inajaa kwenye kona na mashimo. Inapopita miguu huondoka, penye moto huondoka, na cha chini huchungulia. Hiki kimejificha shambani baada ya mvua ya mawe.

"Anasema upake kama mtu anayemwagia kuku mtama," Khainza alisema. "Mkono unaotetemeka ndio unaotakiwa." Akasikiliza tena, akaziba mdomo kwa kitambaa, na nikajua anacheka. "Na anasema amechoka kupanda magari ya kuja Mbale kila siku. Umalize hizo sindano upone, naye apumzike."

Nikashika brashi. Sikuishika kama fundi, niliiachia. Mkono ukatetemeka, chokaa ikatua hapa nyingi, pale kidogo, ikaingia kwenye kona, na kijivu kikachungulia. Niliponyanyua kichwa, kifaru cha kwenye picha na cha mkononi mwangu vilikuwa ndugu. Okiror alishuka kitandani. "Nyuma hapa ni injini, moto, toa," alisema, nami nikafuta kwa mswaki wa mti. "Na hapa ni mlango ya dereva. Hapa buti yangu inapita." Akabonyeza mwenyewe kwa kidole gumba, akainua, na alama ya kidole ikabaki kwenye chokaa mbichi. Kaka yangu sikumtumia ujumbe.

Chokaa haijakauka, lori la jeshi likasimama nje. Sajenti aliingia, akamtazama Okiror juu mpaka chini.

"Wewe unanenepa hapa, sisi tunafanya kazi? Vaa, twende."

"Afande, sindano zake hazijaisha," Sista alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini aliisema.

"Kambi iko na daktari, Sista."

Okiror aliteremsha magwanda kutoka kwenye msumari. Alifunga vifungo polepole sana. Nikamnyooshea kifaru, nikamwambia achukue, ahadi nimeifuta, ni chake. Akatikisa kichwa.

"Bado haijakauka, Fundi. Na mimi bado sijamaliza. Nitakuja kuichukua."

Nikabaki na kitanda kitupu upande wangu wa kulia. Sindano ziliendelea. Ulipofika wakati ambao njuga za vijana wa tohara zinapita barabarani na wodi inatoka verandani kuwatazama, nilikuwa naweza kufika mwisho wa veranda kwa kushika mbao za ukingo tu. Mvua zilipokatika, Sista alinichoma ya mwisho, akanipiga kofi palepale penye bonge, akasema, "Toka, nisikuone tena." Tulipofika Nakaloke, Nekesa hakunijua. Alijificha nyuma ya bibi yake, naye bibi alikuwa amenipa mgongo, kwa hiyo mtoto alikaa katikati akinitazama peke yake. Jioni alikuja mwenyewe akakalia goti langu lenye mifupa. Khainza alisimama akituangalia, na hakuwa na kitambaa puani.

Tulirudi Jinja na vidonge vya kumeza kwa miezi mingi. Ngazi sikuipanda tena. Nilianza kuleta mbao nyumbani nikaziandika mezani, nimekaa, na wateja wa mjini hata wa Buwenge wakazoea. Nyenje yumo sikioni mpaka leo.

Safari moja ya kutoka kuchukua vidonge Mbale, basi lilisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya Jinja. Askari wakatushusha, tukapanga mstari, vitambulisho mkononi, kila mtu akiomba kimoyomoyo, na sisi tuliozaliwa upande wa Kenya tuliomba zaidi. Aliyefika mbele yangu alikuwa amekonda hadi mkanda umemzunguka kiuno na kuanza safari ya pili. Nilimjua kwa macho.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Kifaru yangu ilikauka?"

"Ilikauka, afande. Iko juu ya kabati."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

Akatabasamu kweli kweli, kama mtu aliyeshinda yeye. Nikamwambia twende hospitali, hata leo, Sista yuko, nitakaa naye. Akatazama wenzake. "Kutoka siwezi," alisema, akageuza uso akakohoa kwenye mkono wa shati. Kikohozi kile nilikijua. Nilimwona anatazama pale alipokoholea, kisha anakunja nguo ili doa lisionekane. "Panda gari. Na usioshe ile chokaa." Akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, tukaruhusiwa kuondoka, mizigo haijafunguliwa.

Sikumwona tena. Utawala ule ulipoanguka niliulizia kwa watu wa Teso. Mmoja alisema alikufa kwa kifua, mwingine alisema hamjui. Mimi sikuzika mtu, kwa hiyo nangoja.

Wewe uliyekaa kwenye benchi, utanenepa kabla hujapona. Homa itakuacha, shavu litajaa, na utamwambia muuguzi mimi iko mzima. Usiondoke. Kama kuna anayekuvuta, mwambie una kitu cha watu hujakimaliza.

Kila masika chokaa ya kifaru huvimba kwa unyevu na kudondoka. Nakoroga nyingine kwa chumvi kidogo, naziba panapodondoka. Mkono wangu ulipona siku nyingi. Ili mvua ya mawe ilale kama ya mwaka ule, sina budi kuutetemesha mwenyewe. Pale kwenye mlango wa dereva, penye kidole chake, sipagusi.